Bendera Niliyoiacha Chini

Wengine wakiandika maisha yao huanza na babu na shamba la babu. Mimi nayaruka hayo, maana babu yangu alikuwa mtu kama watu na shamba lake lilikuwa shamba kama mashamba. Naanza na hoteli moja ya katikati ya jiji, orofa ya pili, Jumanne iliyopita, saa kumi na moja jioni. Siku hizi mtu wa Nairobi akifiwa mikutano ya mazishi huwa huko mjini, kwa sababu huyu anatoka Kitengela na yule anatoka Kikuyu, na hoteli hazikosi chumba cha juu, bora watu waagize chai. Tulikuwa tumekutana kwa ajili ya Mutua. Tulikuwa watu kama kumi na wanane kwenye meza zilizounganishwa, na mtoto wake wa kwanza, Kioko, alikuwa akigawa karatasi ya programu ili tuone kama kuna makosa kabla haijaenda kuchapwa. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kusoma nilijifunza ukubwani na bado ni kwa kutambaa, lakini jina lile nililisoma upesi. Chini ya picha ya rafiki yangu akiwa na kofia yake ya sufu waliandika: Mzee Josephat Mutua, na katikati ya vile vialama viwili, "Nje".

"Hakuna makosa, anko?" Kioko akaniuliza.

Nikasema picha ni nzuri.

"Alhamisi kwa maombi, pale nyumbani, tumekuweka uongee kidogo. Hawa wajukuu wanasumbua wanataka kujua hiyo jina ilitoka wapi."

"Si kila mtu anajua ilitoka wapi."

"Wanajua alikosa mpira. Lakini wewe ulikuwa hapo."

Mzee mmoja wa upande wa mlangoni, ambaye alichezea timu ya Hurlingham enzi hizo na siku hizi hutembea na fimbo mbili, akasema bila kuinua uso kutoka kwa kikombe, "Huyo alikuwa kwa goli kabisa. Amevaa koti nyeupe kama daktari wa ng'ombe." Watu wakacheka, kicheko kile cha matanga ambacho mtu hukipunguza kabla hakijaisha. Kisha Kioko akainama karibu na sikio langu. "Na tena, anko, kuna kitu baba alikuwa anasema. Kwa Dagoretti Corner nzima, ni Njuguna peke yake hajawahi kuniita Nje. Alikuwa anasema hivyo sana. Ndio tukaona ni wewe uongee." Nikamwambia sawa, nitaongea. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi na niliimaliza yote ili uso wangu ukae ndani ya kikombe.

Sasa nirudi kwa mwaka wenyewe. Mutua na mimi tulikaa chumba kimoja Dagoretti Corner, nyuma ya maduka, nyumba ya mbao yenye vyumba sita vilivyofuatana kama mabehewa. Vitanda viwili, jiko la makaa, ndoo, na msumari mmoja wa nguo ambao tulikuwa tunaugombania. Ukuta tulikuwa tumeubandika magazeti ili upepo usipite, na Mutua, aliyefika darasa la saba, alikuwa akinisomea ukuta huo akiwa amelala, bei za kahawa, hotuba za watu waliokwisha kufa, mpaka nikayajua magazeti yale kwa moyo bila kujua kuyasoma. Yeye alitoka Ukambani, fundi wa mbao, anafanya kazi kwa kibanda cha seremala mmoja kando ya Ngong Road. Mimi nilikuwa bucha. Niseme tu bila kujisifu, kwa bucha nilikuwa na jicho. Mteja akisema kilo moja nusu, nilikuwa nakata mara moja na mizani inakubali. Watu walikuwa wanakuja kutazama hiyo tu. Ni kipaji kidogo, lakini kijana asiyejua kusoma hushika alicho nacho, na jicho langu ndilo lililonipeleka pale nilipoenda kupotelea.

Kulikuwa na padri Mzungu, Mwairishi, ambaye jina lake halikuingia vizuri mdomoni mwetu, tukamwita Padri Kole. Mrefu, masikio mekundu, anatembea kama mtu anayeruka madimbwi. Huyu ndiye aliyetuletea mpira wa kwao. Ule mpira unashikwa na mkono na unapigwa na mguu, yote mawili, na ukishaushika unaenda hatua nne tu, halafu lazima uudundishe chini au uupige na ncha ya kiatu urudi mkononi mwako mwenyewe huku unakimbia. Ukiingia wavuni ni pointi tatu. Lakini ukipita juu ya mtambaa wa panya, katikati ya nguzo mbili, hiyo pia ni pointi, moja. Hapo ndipo watu wa Corner walimcheka Padri siku ya kwanza. Kwa mpira tunaoujua sisi, mtu akipaisha juu ya goli anazomewa mpaka kwao. Huyu anakuja kutuambia tupige makofi. Ilichukua miezi watu kuzoea, na hata wakishazoea, mpira ukipita juu ulikuwa unasikia kwanza mzomeo unaanza, kisha watu wanageuza macho kwa waamuzi wa goli, wakiona bendera nyeupe imeinuka ndipo mzomeo unageuka kuwa shangwe. Macho yao hawakuyaamini. Waliamini bendera.

Padri alizigawa timu za parokia yake na za jirani katika madaraja matatu, wakubwa, wa kati na wadogo, kama inavyofanywa kwao. Alituambia kijiji chake kiliwahi kushinda kombe la klabu za daraja la kati katika kaunti yao, na siku hiyo baba yake alilia hadharani, mtu ambaye hakulia hata alipozika. Neno hilo kaunti sisi tulilisikia kwa Padri miaka mingi kabla ya katiba kutuletea zetu, na tulidhani ni jina la kombe. Corner tulikuwa daraja la kati. Hurlingham pia, timu ya wapishi na watunza bustani na mabawabu waliokaa vyumba vya nyuma ya nyumba za matajiri. Mshindi angepanda aende kucheza na wakubwa. Na zaidi ya hapo kulikuwa na sanduku. Kijiji cha Padri kilituma sanduku la jezi kuukuu za timu yao, kijani na mstari wa manjano kifuani, nzito, zenye kola. Zilikaa ofisini kwa Padri, na Mutua alikwenda kurekebisha mlango wa ofisi hiyo mara tatu mlango ambao haukuwa na shida. Aliwahi kushika mkono wa jezi moja kwa vidole viwili. Akaja kuniambia, "Njuguna, hiyo nguo ni kama blanketi. Mtu akivaa hiyo hata mama yake anamwita mheshimiwa."

Mama yake Mutua hakujua mwanawe anacheza nini Nairobi. Alipotuma salamu aliuliza kama bado anakimbia na watoto. Mutua aliandika barua kwamba siku ya fainali aje aone, na yule mama akajibu kwamba atakuja, na akaja.

Lakini nimejitangulia. Kwanza nilikuwa mchezaji. Nilicheza miezi minne, kutoka mvua za masika, na ukweli ni kwamba sikuweza ile ya ncha ya kiatu. Mpira ulikuwa unaniacha unaenda kwa ng'ombe waliokuwa wanalisha pembeni. Mutua ndiye kapteni, na jioni moja tukila akasema, kijiko kikiwa mkononi, "Ndugu yangu, miguu yako haisikii. Nitakutoa." Alisema kwa upole. Nikamwambia hakuna shida. Siku mbili baadaye akaja na habari kwamba nimewekwa mwamuzi wa goli. Kila goli lilikuwa na waamuzi wawili, mmoja wa kila klabu, kila mmoja kwa nguzo yake, na chini ya nguzo kumesimamishwa bendera mbili, ya kijani ya goli na nyeupe ya pointi. Mpira ukitoka nje, mwamuzi anainua mikono miwili na kuipishanisha juu ya kichwa. Sheria ya Padri, ambaye ndiye alikuwa refa, ilikuwa fupi. Refa yuko mbali, haoni. Anayeona ni aliye chini ya nguzo. Bendera ikishasema, imesema. Na kwa vile kwao waamuzi huvaa makoti meupe, nikatoa makoti manne ya bucha. Niliyafua kwa sabuni ya mche na majivu, hata hivyo yalibaki na madoa ya rangi ya chai kwenye mifuko.

Jumamosi ya juma lile nilikuwa nimelala mchana kwa sababu ya homa. Mbao zile zilikuwa nyembamba, mtu wa chumba cha pili akikuna kichwa unasikia. Chumba cha pili kilikuwa cha Mama Waithera, mwuza mboga, mama wa mdomo. Mutua alikuwa amemsimamishia rafu, nikasikia nyundo, halafu nikasikia Mama Waithera akiuliza, "Na huyo wako wa bucha, mbona simwoni akienda mazoezi?"

"Nilimtoa. Nimempa bendera, asikae akinililia."

"Na hata hiyo bendera ataiangusha," Mama Waithera akasema, na wote wawili wakacheka.

Hayo ndiyo maneno yote. Nimeyapima kwa zaidi ya miaka arobaini na hayajafika hata robo kilo. Ni maneno ya mtu anayepiga msumari na kumfurahisha jirani. Mimi mwenyewe nilimsema Mutua vibaya zaidi ya hivyo bucha, kwamba anakoroma, kwamba Wakamba ni hivi na hivi, na watu wakacheka, na jioni tukala sahani moja. Lakini siku ile nilikuwa na homa, na nilikuwa na miaka ishirini, na nilikuwa nimeanza kulipenda lile koti. Nilijigeuza nikaangalia magazeti ya ukutani ambayo sikuweza kuyasoma. Alipoingia aliniletea chungwa. Nikalila.

Fainali ilichezwa uwanja wa parokia, Jumapili baada ya misa ya pili. Zile nguzo za goli Mutua ndiye aliyezirefusha, maana zilikuwa nguzo za kawaida na mpira wa Padri unataka nguzo zinazopanda juu. Alikata mikaratusi minne iliyonyooka, akaibambua maganda, akaifunga kwa waya na kuipigilia, na kabla ya kushuka kwa ngazi alining'iniza timazi lake, ule uzi wenye kipande cha chuma, kuhakikisha kila nguzo imesimama wima. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha kanisa kilicholetwa nje, na kikapu mapajani, anaangalia kama mtu aliyeletwa mahakamani. Upande wangu wa goli mwamuzi mwenzangu alikuwa wa Hurlingham, Mzee Elisha, mpishi, mtu wa miaka hamsini hivi, mnyamavu, ndevu nyeupe chache. Tulipovaa makoti alinusa mkono wa koti lake akaniambia, "Kijana, leo nitahukumu nikinuka maini." Nilimpenda.

Sitausimulia mchezo wote, mwenye kutaka mchezo akaulize wale wazee wanaotembea na fimbo. Kipindi cha pili Corner tulikuwa tunashambulia goli langu. Tulikuwa sawa, pointi tisa kwa tisa, na Padri alikuwa ameanza kuangalia saa yake. Mutua akaupata mpira pembeni, mbali, upande wa nguzo yangu. Akaenda hatua nne, akaupiga na ncha ya kiatu ukarudi mkononi, hatua nne nyingine, mtu wa Hurlingham akamvuta shati likachanika, na akapiga. Mpira ule ulikuja kwangu. Nilikuwa chini ya nguzo, nimeinua kichwa, jua likiwa mgongoni. Nataka niandike hili waziwazi kwa sababu ndilo nililokaa kuandika. Mpira ulipita ndani. Ulipita ndani ya nguzo yangu kwa kipimo cha kutoka kiwiko hadi vidole, juu kidogo, karibu na pale mkaratusi ulipoishia. Niliona hata mshono wa ngozi ukizunguka. Mzomeo wa mazoea ukaanza, juu, juu, kisha ukanyamaza, watu wakageuza macho kwetu. Nikaona Mzee Elisha ameinama, mkono wake umeshika mti wa bendera nyeupe. Huyo ni mtu wa Hurlingham, anainua bendera ya kuifunga timu yake. Na mimi mtu wa Corner nikainua mikono miwili nikaipishanisha juu ya kichwa. Nje.

Sikupanga. Watu wakikiri husema hivyo, lakini mimi pia sikupanga, na haisaidii. Ilikuwa kama kukata nyama, mkono ulijua uzito kabla yangu. Mzee Elisha aliniangalia. Alikaa ameinama hivyo muda wa kupumua mara moja. Kisha akaiachilia bendera, akasimama, na yeye akainua mikono akaipishanisha. Na mbona asingefanya hivyo? Kama mtu wa Corner mwenyewe anasema watu wake wamekosa, wa Hurlingham ni nani wa kubisha? Hiyo ndiyo sehemu ambayo Padri hakuifikiria alipoweka mwamuzi mmoja wa kila klabu. Alifikiria mtu kudanganya kwa ajili ya wake. Hakufikiria mtu kama mimi.

Mutua hakuuangalia mpira. Kutoka kwa pembe ile asingeweza kujua. Aliniangalia mimi, mikono ikiwa kiunoni, shati limechanika, na alipoona mikono yangu akatikisa kichwa mara moja, akakubali. Wakati yeye anakubali, golikipa wa Hurlingham tayari alikuwa ameupiga mpira mbali, wakaukimbiza, na upande ule mwingine nikaona bendera nyeupe ikiinuka, kumi kwa tisa. Padri akapuliza kipenga cha mwisho. Vijana wa Corner wakaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na mmoja, simjui mpaka leo, akapaza sauti, "Nje!", na wengine wakaitikia, "Nje, nje," kama wimbo wa kupanda basi. Mama yake Mutua alimwuliza mtu wa karibu neno, akajibiwa, akafunga kikapu chake. Hurlingham walivaa zile jezi palepale, juu ya jasho. Ziliwakaa vibaya. Mutua alikwenda akamshika kila mmoja mkono, na kwa mmoja nikaona amekunja kola iliyokuwa imesimama, akailaza vizuri.

Jioni mama alikwenda kulala kwa jamaa zake, na sisi tukarudi chumbani. Mutua alikuwa amepika muthokoi tangu asubuhi kabla ya misa, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, sufuria kubwa, chakula cha kushangilia cha watu sita. Hao wengine hawakuja. Akawasha jiko, akaupasha moto, akaongeza mafuta na kitunguu, na akanipakulia mimi kwanza. Nilikula. Nilikula sahani mbili, kwa sababu nilikuwa na njaa, na kwa sababu kama ningekataa angeuliza kwa nini. Alikula kidogo akaweka sahani chini.

"Mpira ulitoka kwa kiasi gani?" akaniuliza.

"Kama mkono," nikasema.

Akainua mkono wake, akaupima hewani kutoka kiwiko hadi vidole, akauangalia. "Hii?"

"Hiyo."

"Hiyo ni kubwa," akasema. "Nilidhani labda ni kidole." Akaushusha mkono. "Wewe una jicho. Padri alikuwa anataka katekista asimame pale, ati anajua kuandika. Nikamwambia Padri, mweke huyo wa bucha, hiyo jicho haikosei hata gramu. Kama ni wewe umesema, basi."

Nilikuwa na mahindi mdomoni. Nikameza.

Asubuhi yake kabla ya kazi alitoka na ngazi na timazi. Sikuuliza, nilijua. Alikwenda uwanjani akaipima ile nguzo yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyeisimamisha, na fundi akikosewa na kitu hushuku kazi yake kwanza. Alirudi chai ikiwa imepoa. "Imesimama wima," akasema. "Ni mguu wangu." Hakucheza tena. Padri alimwomba mara mbili, akamjibu kwamba mguu wake hauna timazi, na Padri akacheka akidhani ni mzaha. Juma lile lile makanga wa steji walikuwa tayari wanamwita Mutua Nje, akipita na mbao begani, "Nje, leta meza," na alianza kuitikia. Miaka ilipopita akafungua duka lake la samani akaandika jina hilo kwenye kibao kwa mkono wake mwenyewe, herufi nyekundu. Mtu akipewa mzigo usioteremka huutafutia namna ya kuubeba.

Mzee Elisha alikuja bucha siku chache baadaye kumnunulia mwajiri wake nyama. Akangoja wateja wapungue. "Kijana, mimi niliona ndani," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nimekosa usingizi. Lakini wewe ni wa Corner, huwezi kuwanyima watu wako. Kwa hivyo ni macho yangu." Nikafunga nyama yake. Alikataa kusimama golini tena. Alikwenda kupimwa macho, daktari akamwambia ni mazima, na yeye akarudi kuniambia kwamba ugonjwa wake hata daktari hauoni. Alicheka akisema hivyo. Baadaye nilisikia aliacha kupika chakula cha wageni kwa kuogopa kukosea chumvi, na pengine hilo lilikuwa uzee tu, lakini mimi nimelihesabu kwangu.

Kabla ya Krismasi nilihama chumba kile. Nilimwambia Mutua nataka kukaa karibu na bucha, na bucha ilikuwa mwendo wa dakika mbili. Akanisaidia kubeba kitanda. Tulibaki marafiki, hapo ndipo mtu ashangae. Alisimamia harusi yangu, nilisimamia yake. Watoto wake waliniita anko. Na katika miaka hiyo yote sikuliweza lile jina. Wengine walilitamka kwa upendo, hata mkewe alilitamka akimwita kunywa chai, na mimi mdomo ulikuwa unakataa. Yeye akaliona hilo akaliita heshima.

Alhamisi nikaenda kwenye maombi. Nyumba ilikuwa imejaa, viti vya kukodi mpaka uani, na wajukuu wamekaa chini kwenye mkeka. Baada ya sala Kioko akanisimamisha. Nilikuwa nimekata shauri ndani ya basi, na nikasimama nikasema. Nilisema ule mpira uliingia. Nilisema nilikuwa chini yake na niliuona kwa macho yangu haya, kwamba Mutua hakukosa, mimi ndiye niliyedanganya kwa sababu ya wivu, na jina lile mlilomwandikia si lake. Nilisema yote, hata chungwa.

Kisha mtu wa nyuma akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Mama mmoja akasema, "Huyo ndio rafiki. Anajitwika yeye." Yule mzee wa fimbo mbili akauliza, "Kwa hivyo refa, turudishe jezi?" na nyumba nzima ikacheka kicheko kizima sasa, cha watu walioonewa huruma na wakapumua. Wajukuu walikuwa wanacheka pia. Nikasema, "Mimi sifanyi mzaha. Ulipita ndani, kipimo cha mkono huu," na nikainua mkono wangu, na wakazidi kupiga makofi, na kijana mmoja alikuwa ananipiga picha na simu nikiwa nimeinua mkono hivyo. Kioko alikuja akanikumbatia. "Asante, anko," akanong'ona. "Hata leo umemtetea."

Nikakaa. Programu zilikuwa zimeshachapwa, zilikuwa zimepangwa mezani kwa rundo, na jina lake liko pale pale. Mjane wake, Mwende, akapita katikati ya viti na sahani iliyofunikwa, akaja mpaka nilipo ingawa kulikuwa na wazee wa kanisa waliostahili kupakuliwa kwanza. Akaifunua. Ilikuwa muthokoi, mafuta yanang'aa juu, na vitunguu.

"Kula, shemeji," akasema. "Aliniambia wewe ndio ulikula naye ile siku wengine walikataa kuja."

Watu walikuwa wananiangalia kwa wema. Nikachukua kijiko, nikala.